Vibrafoni ya Shefu Hubert

Kosa lilianzia kwenye neno moja, na neno lenyewe lilisemwa na mama mutu.

"Alimasi wangu iko Buruseli," Mwamini alitangaza sokoni Rumonge, mukono kiunoni, ndagala zinakauka mbele yake. "Anapiga vibrafoni!"

Sasa wewe sema. Mutu akipiga telefoni, anaongea na mutu wa mbali. Akipiga vibrafoni? Basi anaongea na mutu wa mbali zaidi. Rumonge nzima ilifunga hesabu hiyo bila karani, na kwa miaka Alimasi alikuwa fundi mukubwa wa simu huko Ulaya. Yeye peke yake ndiye hakujua.

Kazi yake kweli ilikuwa hii. Alianza utoto na dufu la maulidi, akaingia bendi ya wazungu Usumbura, na mwalimu wa bendi akamupeleka Buruseli kusoma. Huko, siku za okestra alivaa koti jeusi lenye mikia kama mbayuwayu, akasimama nyuma kabisa, akangoja wenye violini walie mpaka wachoke, halafu akapiga pembetatu ya chuma mara moja, ting! Wakamulipa. Siku zingine alishuka kwenye baa fulani ya chini ya ardhi, akapiga jazi kwenye vibrafoni. Ni kama meza ya vyuma vilivyopangwa kwa urefu, unavigonga kwa vijiti vyenye vichwa vya uzi, na mota ndogo inaitetemesha sauti kama mutu anayejizuia kulia. Mwenye baa alimuvalisha ngozi ya chui, akaandika mulangoni: Mwana wa Mfalme wa Tanganyika. Ngozi ilikuwa ya plastiki. Mfalme alikuwa babu yake, muuza chumvi wa Kasongo, kule Kongo.

Alirudi mwezi wa sita 1962, kabla tu ya uhuru, na vibrafoni yake ndani ya sanduku, ili mama aone kwa macho. Kumbe alijiingiza mwenyewe mutegoni. Karatasi zake zilikuwa za koloni, na koloni ilikuwa inakufa Jumapili. Okestra ilimungoja mwezi wa tisa. Asipofika, iko mutu mwingine wa kupiga ting. Kupata pasiporo mpya ya kusafiria alihitaji cheti kwamba ni mwenyeji wa Rumonge, na cheti kilihitaji saini ya Shefu Hubert.

Huyu Hubert juzi tu alikuwa anapima ngazi za kukamulia mawese kwenye mizani ya Mubelji mumoja. Mubelji akaondoka, kiti kikabaki, Hubert akakaa. Cheo kiliitwaje hakuna aliyejua. Watu walimuita Shefu, na yeye aliitika.

"Amahoro, Shefu."

"Amahoro, fundi! Leta sanduku ndani, leta."

"Mimi si fundi, Shefu. Mimi ni mwanamuziki. Nimekuja kwa kile cheti tu."

Hubert akazunguka sanduku, akafuata maandishi kwa kidole. "Vi-bra-phone. Mimi nimesoma, usinichezee. Phone ni phone."

"Hii inapigwa, Shefu."

"Telefoni haipigwi?"

"Iko na vyuma, iko na mota..."

"Na telefoni iko na nini, mihogo?" Hubert akakaa, kiti kikalia. "Sikiliza. Simu yangu ile ya mezani utaitengeneza. Jumapili, bendera ikisha panda, ministri atanipigia hapa barazani, watu wote wanaona. Nimekwisha tangaza."

"Ministri amekubali?"

"Akisikia simu iko nzima atakubali. Babu yako alitoka wapi?"

"Kasongo," Alimasi akasema polepole.

"Ee. Sasa tuelewane. Fundi wa simu ni Murundi safi, nasaini bila kupumua. Mupiga ngoma wa Kasongo ni mugeni, arudi kwa babu yake. Wewe ni nani?"

Alimasi akaona okestra nzima imenyamaza, inamungoja yeye, na pembetatu inaning'inia bila mutu.

"Fundi wa simu, Shefu."

"Umeona? Uhuru haujafika na tayari tunasema kweli."

Simu ya Hubert ilikuwa nyeusi, nzito, inang'aa, na imekufa kama jiwe. Alimasi alifuata nguzo kwenye barabara ya Magara, akazikuta zimesimama uchi. Waya ulikuwa umekwisha kuwa bangili za mabibi-harusi na kamba za kuanikia nguo. Njiani watu walimupungia: "Fundi! Jumapili tutasikia!" Nyumbani mama yake alikuwa amekwisha nunua kitenge kipya.

"Mama, ile simu haitengenezeki."

"Usiniletee maneno hayo. Yule Asiya anayeuza karibu na mimi alishasema sokoni kwamba Ulaya unaosha masahani. Unataka acheke mbele ya bendera?"

Mutu akikosa pa kukimbilia hurudi kwa kazi yake. Alimasi alirudi biro, ile ofisi ya Shefu alikoacha sanduku, akalifungua, akasimamisha vibrafoni, akagonga vyuma viwili vya juu mbio mbio, kupoza moyo tu. Mulango ukafunguka kwa kishindo. Mulamba, zamu anayelinda biro, mutu wa Fizi ng'ambo ya ziwa, Kongo, aliruka kutoka usingizini mpaka kwenye meza, akanyakua simu.

"Alo! Alo! Shefu hayuko!"

Alimasi akamuangalia. Akaangalia simu. Akaangalia dirisha.

Jumapili ilifika. Bendera ilipanda, ikakwama kidogo, ikaendelea. Barazani kulikuwa na meza, juu yake simu, na waya wake ulipanda dirishani na kupotea nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia alikuwepo Alimasi, vijiti mukononi. Hubert aliambiwa tu kwamba simu italia, mengine hakuuliza. Mukubwa haulizi mambo yanayoweza kujibiwa.

Hubert akainua mukono. Watu kimya. Alimasi akagonga.

Ikalia! Wanawake wakapiga vigelegele. Muzee mumoja akavua kofia. Mulamba, kwenye ngazi, akasimama sawa kama sanamu.

"Simu ya uhuru inalia vizuri kuliko ya wazungu!" Asiya akapiga kelele, na Mwamini akamugeukia kwa raha ya miaka minane.

Hubert akaipokea. "Alo! Monsieur le ministre!"

Hapo ndipo ingepaswa kunyamaza. Lakini Alimasi alikuwa hajapiga mbele ya watu wa kwao tangu atoke na dufu. Mikono ilikataa. Chuma cha tatu kikaingia, cha nne kikajibu, sauti ikayumba, na mara simu ya Shefu Hubert ikawa inalia jazi. Mabega ya watu yakaanza kutikisika.

"Mbona ameshaipokea na bado inalia?" Mulamba akauliza.

"Ndiyo uhuru huo," Asiya akamujibu, kiuno kinazunguka. "Inalia ikitaka."

"ALO!" Hubert akapaza sauti, akipiga teke ukuta chini ya dirisha. Vyuma vikanyamaza. Akafuta jasho, akaanza kuongea, na maneno yakamukolea. Ministri ametoa salamu. Ministri ameleta barabara ya lami. Ministri ameleta shule ya sekondari, na hospitali, na tena barabara ya lami.

"Tumusikie na sisi!" mutu akasema, na baraza likajaa. Hubert angekataa vipi? Asiya akawa wa kwanza, akabandika simu sikioni. Kimya cha kaburi. Akamuona Mwamini anamuangalia.

"Ee, Bwana ministri! Ananisalimia!" akasema. "Anauliza watoto."

Mwamini akamunyang'anya. Akasikiliza kidogo. "Mimi anasema nimezaa vizuri."

Baada ya hapo kila mutu alisikia yake. Mwenye mutumbwi alisikia habari ya ushuru wa samaki, muzee alisikia bei ya mawese inapanda. Mwisho simu ikafika kwa Mulamba.

"Miye sisikii kitu," akasema. "Hii iko imekufa."

Wakamurukia wote. "We Mukongomani! Unafikiri ministri wetu ataongea na wewe?"

Watu walipotawanyika kula, Hubert alivuta pazia na kuangalia vibrafoni kwa mapenzi.

"Fundi, ministri atakuwa anapiga kila Jumapili."

Alimasi akaweka vijiti chini. "Na cheti changu?"

"Cheti cha nini? Mutu kama wewe nchi inamuacha aende? Nakupa biro. Nakupa simu zote, kutoka Kabezi mpaka Kigwena."

"Hakuna simu huko, Shefu."

"Ndiyo maana hutachoka."

Kubembeleza kungefanya nini? Alimasi akaketi kwenye sanduku, akacheka kidogo. "Sawa, nabaki. Lakini umeniona leo. Nikishika vijiti, nasahau kusimama. Leo umepona na teke. Jumapili moja utakuwa katikati ya hospitali na ministri, na simu itaanza rumba. Watu watacheza, Shefu. Halafu watacheka. Na mimi napiga sana kama nina huzuni."

Hubert akavuta karatasi. Akachota wino, akasaini. Lakini Alimasi alipoanza kufungua miguu ya vibrafoni, mukono muzito ulimushika begani.

"Wewe unaenda. Simu ya taifa inabaki."

"Shefu, hii nimeinunua mimi! Ndiyo chakula changu!"

Hubert akashika cheti kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa, akakipeleka karibu na mushumaa wa kuyeyushia lakiri. Alimasi aliangalia vyuma vyake kimoja kimoja. Akachukua cheti.

Jumapili iliyofuata alipanda kabini ya lori la Athumani, lililobeba mapipa ya mawese kwenda Bujumbura, Usumbura ya jana. Mama yake hakuja kumusindikiza. Alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, kitenge kipya, ana neno la kumuambia ministri. Athumani aliendesha taratibu, kama mutu anayechunga mayai. Walipokuwa wanapita mbele ya biro, simu ya uhuru ikalia.

Ililia tok, tok, tok, kama kijiko kwenye sufuria iliyotoboka. Hubert alikuwa amepata fundi mupya: Mulamba, yule asiyesikia kitu, sasa akiwa na mushahara na kofia. Na hakuna aliyemuambia kwamba vibrafoni iko na pedali, na usipoikanyaga vyuma vyote vinakabwa roho.

Watu walikuwa wanakimbilia baraza kwa furaha. Alimasi alivumilia tok ya kwanza, akavumilia ya kumi. Halafu akatoa kichwa dirishani, mishipa ya shingo imesimama.

"Kanyaga!" akapiga kelele. "Kanyaga pedali, weye! Kanyaga!"

Athumani alishituka. Hakuuliza nani anawafukuza. Mutu mwenye karatasi mpya anayepiga kelele namna hiyo bila shaka ana sababu yake. Akakanyaga mpaka chini. Lori likaruka, mapipa yakagongana, vumbi likafunika biro, bendera na baraza lote, na walikuwa wamekwisha pita Magara kabla Alimasi hajafaulu kumueleza kwamba hakuwa anasema na yeye.