Kilima Kilichofutwa kwa Mafuta ya Taa

Mikaeli aliniambia nifumbe jicho moja, ninyooshe mkono, nipime kilima kwa mpini wa brashi. Nilimjibu kwamba kilima kile nimekiona tangu nizaliwe, sina haja ya kukipima. Akasema vizuri, basi kichore. Nikakichora. Alipokuja kutazama aliinamisha kichwa upande mmoja, halafu mwingine.

"Abdi," akasema, "hiki kichuguu umekiona wapi?"

Nilikasirika hata mate yakanikauka. Kwetu Kwedihoma mimi nilikuwa mtu wa mashairi. Sikufundishwa na mtu. Vina na mizani nilivichimba mwenyewe kutoka magazeti makuukuu yaliyofungiwa chumvi dukani, na kila sherehe ya chama niliitwa mbele, watu wazima wakanyamaza kunisikiliza. Na sasa huyu mwandika mabango kutoka Korogwe, ambaye hata kofia yake ilikuwa na madoa ya rangi, ananiambia kilima changu ni kichuguu. Nilitamani kumtupia brashi. Kesho yake nilitangulia kufika.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, baada ya mavuno. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kimepimwa kule tambarare, kando ya barabara ya Handeni, na sisi tuliotawanyika nyuma ya vilima tulikuwa tumeambiwa tuhamie huko. Mikaeli aliletwa kuandika majina kwenye majengo: shule, zahanati, ofisi. Baba yake alikuja zamani kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Mikaeli mwenyewe alipokuwa kijana alimbebea mwavuli na vifaa mzungu mmoja wa misheni ya Lutindi, mzee aliyekuwa akitoka kila asubuhi kuchora milima. Akajifunza kwa kutazama, na hakuacha. Kazi ya herufi ilimlisha, lakini alasiri, jua likilegea, alichukua ubao wa plaiwudi na makopo ya rangi yaliyobaki, akaenda nje.

Nilimwomba anifundishe. Akakubali kwa sharti moja. Siku atakayoondoka nimwonyeshe picha moja ambayo hataona haya kuitundika dukani kwake. Akiipenda, nitaondoka naye kwenda Korogwe kufanya kazi. Asipoipenda, nitahamia tambarare na wenzangu, na jembe langu begani.

Hapo ndipo kiu iliponishika. Sikuweza kukaa. Nikila nilitazama kivuli cha sufuria. Nikitembea nilisimama njiani kuona kwa nini majani makavu, yanayoitwa ya njano na kila mtu, jioni yanakuwa na wekundu wa kutu. Mikaeli alinikataza kuchora kwa kumbukumbu. Alisema kumbukumbu ni mwongo mwenye heshima. Chora kinachoonekana kutoka pale uliposimama, na kisichoonekana kiache. Nilikosea, nikafuta, nikakosea tena. Rangi aliichanganya na mafuta mengi ili ichelewe kukauka, nipate nafasi ya kukosea. Nikajitungia kibwagizo cha kujitia nguvu, nikikinong'ona huku nikipima:

Mwalimu wangu ni jua,
darasa langu ni vumbi.

Jambo moja lilinifurahisha. Watu walianza kuja. Mwanzoni walipita mbali, wakitazama mkono wangu ulionyooka na jicho langu lililofumbwa. Kisha wakasogea. Mzee Isihaka, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu ambaye kila siku aliniita mvivu, alileta kiti kutoka nyumbani kwake ili nisichoke. Mkewe akaleta mahindi ya kuchoma. Wanaume walisimama nyuma yangu, wakanyoosha vidole kwenye ubao, wakanong'onezana, wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikajisemea kwamba kazi njema hujitangaza. Nikavimba. Hata sauti yangu nikaifanya nzito.

Aliyenipasua puto ni Bibi Hamisa. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kilima, peke yake, karibu na makaburi ya mumewe na wanawe wawili. Alikuja na kuku mikononi, aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia haraka haraka kama mtu mwenye shughuli, akaukodolea ubao macho.

"Ya Isihaka umeiweka," akasema. "Ya Sadala umeiweka. Yangu iko wapi?"

Nikamweleza kwamba nyumba yake haionekani kutoka pale. Akaniambia nisimfanye mtoto. Kila mtu anajua ninapima kwa niaba ya serikali, na nyumba itakayoingia kwenye ramani yangu haitahamishwa. Ndiyo maana Isihaka hajang'oa hata mwimo wa mlango. Ndiyo maana na yeye mahindi yake yako darini bado.

"Kuku huyu ni mtetea, anataga," akaongeza. "Usifikiri nimekuletea jogoo mzee."

Nilihisi masikio yanawaka. Kiti, mahindi, vile vichwa vilivyotikiswa! Hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama kilima changu. Lakini hasira ilipopoa kidogo, hofu ikaingia. Magari ya kutuhamisha yalikuwa yanakuja Jumatatu. Aliyebomoa nyumba mwenyewe aliondoka na nguzo zake, milango yake na chakula chake. Aliyengoja, mgambo walimbomolea, na kutoka vijiji vya jirani tulisikia kilichobaki chini ya udongo. Bibi Hamisa alikuwa anangoja kwa sababu ya ubao wangu.

Nikawaita wote, nikawaeleza kwa ufasaha wangu wote. Hii ni picha tu, nikasema, haina mhuri, haina amri, haiokoi hata kibanda cha kuku. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, Mzee Isihaka alikohoa.

"Hata wale wapimaji wa kwanza walisema hawajui kitu," akasema. "Ndiyo kazi yao, mwanangu. Hatukulaumu."

Sadala, mpwa wake, akauliza kama labda kuku mmoja hatoshi.

Basi nikaona njia. Kwetu ni nchi kavu, wanawake wanaamka alfajiri kufuata maji ya kuchimba mchangani. Nikachovya brashi kwenye rangi ya samawati, na mbele ya macho yao nikamwaga ziwa zima chini ya kilima, juu ya mashamba ya mihogo niliyoyahangaikia siku nyingi. Ziwa pana, linang'aa, na hata bata nikamweka. Nikawageukia nikiwa na hakika kwamba sasa watacheka, watajua ni mchezo.

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Bwawa," Mzee Isihaka akasema polepole. "Wametusikia. Sasa bomba litapita upande huu au ule?"

Nilitaka kulia na nilitaka kupiga mtu. Nikautazama ubao. Ukiliacha lile ziwa la kijinga, kilima kilikuwa kizuri. Mgongo wake ulikuwa umekaa sawasawa, kivuli cha magharibi kilikuwa na ule wekundu wa kutu, na kwa mara ya kwanza nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hiki si kichuguu. Ziwa ningeweza kulifuta nikakirudisha kilichokuwa chini. Siku mbili zingenitosha. Lakini maadamu kilima kingebaki na nyumba zingebaki, wangeendelea kungoja.

Nikaomba mafuta ya taa. Mke wa Isihaka akaleta kibatari chenyewe. Nikalowesha kitambaa, nikaanza juu, penye anga. Palipokuwa pamekauka nilikwangua kwa kisu. Mzee Isihaka alinishika mkono, akaniuliza kama nina wazimu, mali ya serikali hiyo. Nikamwambia, kama ni ya serikali, basi niende nikafungwe. Nikaendelea kukwangua. Nyumba yake ikaondoka. Ya Sadala ikaondoka. Kilima nilikiacha mwisho, halafu nikakiondoa nacho, na ubao ukabaki na uchafu wa kijivu kama maji ya kuoshea vyombo.

Bibi Hamisa ndiye aliyesogea, akagusa ubao, akanusa kidole.

"Ramani haifutwi kwa mafuta ya kibatari," akasema. Akamkwapua kuku wake chini. "Isihaka, wewe na akili zako za ubalozi. Njooni mnishushie mahindi."

Siku zilizobaki nilibeba nguzo zake. Mikaeli alinikuta Jumatatu asubuhi, gari la Korogwe limekwisha kuwashwa, akaniuliza picha iko wapi. Nikasema nimeifuta. Akauliza kwa nini. Wangekuwa wengine wangesimulia yote, wakajitafutia huruma. Mimi sikutaka. Nikamwambia ilikuwa yangu, nimeamua kuifuta.

"Mimi sichukui mtu kwa maneno, Abdi," akasema. "Maneno unayo tele."

Akapanda gari. Kopo la rangi ya udongo aliliacha chini. Sijui alisahau au vipi, sikuuliza.

Kule tambarare tulipewa viwanja vilivyopangwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Ya Bibi Hamisa tuliikandika upya, na kabla udongo haujakauka vizuri nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta wake, mkono umenyooka, jicho limefumbwa. Sikuwa na ubao. Alitoka ndani akanikuta.

"Leo utaiweka ile nyumba yangu?"

"Kutoka hapa haionekani, bibi."

Akatazama upande wa vilima, akaguna.

"Weka basi hicho unachokiona," akasema, akarudi jikoni.

Nikaweka ninachokiona: mistari ya mapaa, vumbi, lori limekwama. Ukuta haubebeki kwenda Korogwe. Mikaeli akiitaka picha hii, atakuja mwenyewe, atasimama hapa juani, ataitazama. Nami sitamwamkia kwanza.