Rangi Aliyoichanganya Emérance

Musoki alitaka jiko lote liwe la kijani. Tangu alipoolewa Bwera alikuwa amepika nje, kwenye banda la mabati lenye moshi, na sasa nyumba aliyoianza na marehemu mumewe ilipokwisha kuezekwa, hakutaka mtu amletee habari za rangi ya krimu. Chini, mpaka usawa wa kiuno, alitaka kijani kizito kama jani la mbuni. Katikati, kijani cha ganda la ndizi mbichi. Juu, karibu na dari, kijani kilichofifia mpaka kukaribia weupe, kama kabichi ukiifungua ndani.

Fundi wake wa rangi alikuwa Emérance, Mkongomani aliyevuka mpaka wa Mpondwe mwaka uliopita akitokea kijiji kimoja upande wa Beni. Emérance hakununua rangi iliyochanganywa dukani. Alinunua nyeupe, njano, buluu na nyeusi kidogo, akazikoroga mwenyewe ndani ya ndoo, akapaka tone ukutani, akasubiri likauke, akatikisa kichwa, akaongeza. Musoki alipenda kumtazama. Ilichukua asubuhi nzima kuipata ile ya jani la mbuni.

Jumanne, Danieri alileta kabati. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa kuvuka Congo na kurudi na mbao, kakao, na miezi ya karibuni samani. Vijana wake walilishusha kutoka kwenye pikapu, wakafunua turubai, wakaliegemeza ukutani. Lilikuwa kabati zito la vyombo, la mbao ngumu, kijani toka juu mpaka chini.

"Zawadi ya jiko," Danieri alisema. "Tazama rangi yake, shemeji. Utafikiri ulinituma."

Musoki alipiga makofi kwa furaha. Danieri alicheka, akakataa chai, akaondoka na watu wake.

Emérance alikuwa juu ya ngazi. Alishuka taratibu, akafuta mikono, akapitisha kidole kwenye mlango wa kabati kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa.

"Mama," alisema, "hii rangi ni mimi nilifanya."

"Rangi ipi?"

"Ya hii kabati. Iko ya yaya yangu, dada mukubwa, Benedicte. Nilimupakia ile mwaka aliolewa."

Musoki alitaka kucheka. Kijani ni kijani, alimwambia. Huko Congo kuna makabati mangapi ya kijani?

"Tulivute," Emérance alijibu. "Kule nyuma, chini, mukono wa kuume, rangi iliniishia. Nikapaka nyeupe. Yaya alisema hakuna mutu ataangalia nyuma ya kabati."

Walilishika huku na huku, wakalivuta. Miguu yake ilikwaruza sakafu mpya. Musoki aliinama. Nyuma, chini, upande wa kulia, palikuwa na kipande cheupe cha upana wa viganja viwili, na alama za brashi zilizopakwa haraka haraka.

Emérance akaeleza, bila kulia, kwamba hakuwa na habari za dada yake tangu Februari. Mara ya mwisho Benedicte alipiga simu akasema ng'ambo ya mto kuna moshi, na kwamba atapiga tena. Simu haikupigwa. Barabara ya kijiji kile ilifungwa kwa sababu ya vita, na waliofika Beni kwa miguu walikuwa wachache, hakuwamo.

"Labda aliliuza," Musoki alisema.

"Labda," Emérance alijibu. Akapanda tena ngazi, akaendelea kupaka.

Danieri alirudi Jumatano mchana. Emérance alikuwa ameshaondoka mapema kwenda kununua nyeupe. Musoki alimwekea shemeji yake chai na mihogo, akauliza kwa sauti ya kawaida, jinsi mtu anavyouliza bei ya sukari:

"Lile kabati ulilipata kwa nani?"

"Kuna watu wanauza."

"Watu gani?"

Danieri alikoroga chai muda mrefu. "Shemeji, unataka jiko au unataka habari?"

"Nauliza tu. Yule fundi wa rangi anasema analijua."

"Analijua vipi?"

Musoki akamwambia. Alimwambia kila kitu, mpaka kile kipande cheupe, kwa sababu alikuwa shemeji yake kwa miaka thelathini, aliyembeba binti yake Phionah mgongoni, na kwa sababu alitumaini atashtuka, aseme hakujua. Danieri hakushtuka. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akamaliza muhogo wake.

"Huyo mama anakaa wapi?" aliuliza.

"Karambi. Amepanga kwa Ninsiima, karibu na kinu cha kahawa."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Danieri alishukuru kwa chai, akasimama, akaenda.

Alhamisi, saa mbili asubuhi ilifika, ikafika saa tatu, Emérance hajaja. Hakuwa mtu wa kuchelewa. Simu yake ilikuwa imezimwa. Musoki alijaribu kukunja pazia, akaliacha, akatoka barabarani na kandambili zake za nyumbani, akapanda bodaboda ya kwanza iliyosimama.

Pale Karambi, Ninsiima alimfungulia mlango nusu. Alipomtambua alimvuta ndani kwa mkono. Wanaume wawili walikuja na pikipiki, alieleza, kabla ukungu haujaisha. Walizungumza Kiswahili cha amri, kama wanajeshi, ingawa nguo zao zilikuwa za kawaida. Mmoja alipiga teke mlango wa mpangaji. "Toka inje! Mama wa rangi iko wapi?" Emérance alikuwa bombani akichota maji; aliwaona kutoka mbali, akaacha jerikeni, akalala katikati ya mibuni mpaka mlio wa pikipiki ukapotea.

Sasa alikuwa ameketi chumba cha nyuma, gauni lake limelowa umande.

"Ni wewe ulibaambia?" aliuliza.

Musoki angeweza kusema hapana. "Ni mimi," alisema. "Aliuliza, nikajibu."

Emérance alimtazama. Hakumtukana. Alianza kufunga vitu vyake katika kitenge, na Musoki akapiga magoti kumsaidia.

Walikodi gari mpaka Kasese, kwa Enid, binamu yake Musoki, mwenye nyumba yenye geti. Njia nzima Emérance aliketi chini kuliko dirisha. Walipopita njia panda ya kwenda Katwe, pikipiki iliwafuata kwa muda, ikiwa na watu wawili. Musoki aliihesabia nguzo za umeme mpaka ilipokata kona. Pengine walikuwa wachimba chumvi wa Katwe tu.

Aliporudi Bwera alasiri, Danieri alikuwa jikoni, peke yake. Alisimama mbele ya kabati, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua kazi.

"Fundi wako amekwenda wapi?"

"Sijui."

"Jiko halijaisha."

"Litakaa hivyo hivyo."

"Basi acha nilichukue kabati, kama linakuletea maneno. Nitakuletea jingine. Yapo mengi."

Musoki alikwenda akasimama kati yake na kabati, mgongo wake ukigusa mbao.

"Kabati litabaki hapa," alisema, "mpaka mwenyewe aje alichukue."

"Mwenyewe hawezi kuja, shemeji."

Aliyasema kwa upole, karibu kwa huruma. Musoki akaona usoni mwake kwamba naye ameyasikia aliyoyasema. Nje kuku walikuwa wakiparua. Danieri alivaa kofia yake, akatoka pasipo kuaga.

Musoki alikwenda kituo cha polisi jioni ile ile, akaandikisha maelezo. Kesho yake afande mmoja alikuja, akapiga picha kabati mbele na nyuma, akauliza maswali machache. Kufikia Jumamosi ilijulikana sokoni kwamba Danieri amevuka Mpondwe na pikapu yake, na hakuna aliyejua atarudi lini. Watu wa ukoo waliacha kumsalimia Musoki. Mmoja alimtumia ujumbe kumkumbusha kiwanja cha nyumba ile kilikuwa cha nani.

Jumapili alimpigia simu Emérance, kwa kuwa hakuona haki ya kumficha. Alimweleza alivyorudi, alivyomkuta, alivyojibiwa. Upande wa pili, kwa mbali, watoto wa Enid walisikika wakicheza.

"Mama," Emérance alisema mwishowe. "Alisema yaya hatakuya, ao alisema hawezi kuya?"

Musoki alilikumbuka neno vizuri. Alifumba macho.

"Hawezi," alisema.