Injini Haikuwa na Joto

Dada yake mdogo fundi, kitindamimba wa mama yao, alileta gari gereji akilalamika kwamba mshale wa joto huruka ghafla hadi kwenye nyekundu, kisha hushuka wenyewe kama haukufanya kitu. Fundi akafungua boneti, akapima maji, akaiacha injini ingurume mpaka feni ya rejeta ikawaka na kuzima. Mshale ukatulia katikati, mpole kama kondoo.

"Gari zima hili. Labda ni macho yako."

Alirudi tena na tena. Kila akifika, gari linashika adabu. Fundi akageuza jambo utani. "Kwako linaumwa, kwangu linapona. Nifungue zahanati."

Wenzake gereji wakaangua kicheko. Dada mtu hakucheka. "Sasa likinipandishia njiani nifanye nini, kaka?"

"Simama hapo hapo, zima, ngoja lipoe. Ukilazimisha, utaua injini."

Ndivyo alivyofanya, mshale uliporuka akiwa njiani kwenda hospitalini, siku mama yao alipozidiwa. Fundi alikuwa kando ya kitanda hospitalini.

"Kitindamimba wangu yuko wapi?" mama akauliza.

"Yuko njiani, mama."

Akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi. Baada ya hapo hakuuliza kitu. Binti yake alipoingia mbio, ufunguo mkononi, alikuta shuka limeshavutwa hadi usoni.

Mazishi yalipokwisha, fundi alilichukua gari bila kuombwa. Safari hii hakulipima kivulini. Alilipeleka kwenye njia ya mashimo nyuma ya gereji, na kwenye shimo moja mshale ukaruka hadi mwisho. Akasimama, akagusa bomba la rejeta: joto la kawaida tu, wala maji hayakuchemka. Akaiacha injini ikiunguruma, akaanza kutikisa nyaya moja moja. Alipofikia waya wa kihisi joto, ule unaoupa mshale habari za injini, mshale ukaruka tena. Mpira wake ulikuwa umelika pale unaposuguana na chuma. Gari likirushwa, shaba inagusa chuma, na mshale unatangaza moto usiokuwepo.

Kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Angeweza kurudisha ufunguo na kunyamaza. Alimkuta dada yake akikunja nguo za mama.

"Ulikuwa waya tu," alisema. "Injini haikuwa na joto."

"Kwa hiyo nilikaa kando ya barabara bure."

"Mimi ndiye niliyekukalisha."

Dada akalaza blauzi magotini, akailainisha kwa kiganja. "Mama aliniulizia?"

Uongo ulimjia fundi hadi kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza. "Alikuulizia."

Dada akaikunja blauzi. "Ungepanda nami hata mara moja, kaka. Ungekaa tu pembeni yangu, ungeuona."

Majuto ni mjukuu. Huja wakati babu hana tena la kumfanyia.

Hawakugombana. Wanasalimiana, wanajuliana hali, ila gari siku hizi hupelekwa kwa fundi mwingine. Likipita mbele ya gereji, kaka mtu huweka spana chini, akasikiliza ngurumo yake mpaka ipotelee kwenye kona.