Umefika Wapi, Mama?

Basi la alfajiri la Dar es Salaam liliondoka Songea bila Adela. Alikuwa uani kwake Mfaranyaki, begi miguuni, akimngoja Mzee Pankrasi, mkubwa wa ukoo, aje kutoka kijijini Maposeni. Binti wa Adela, Leticia, alikuwa amefariki usiku kisiwani Mafia, alikoolewa na kusilimu. Mkwewe, Twaha, aliwaomba wazee wa kwao wamsubiri mama hadi kesho adhuhuri, nao wakakubali shingo upande, maana kwao maiti hailazwi bila sababu.

Kwa basi lile angelala Dar, na kesho asubuhi ndege ndogo ya Mafia ingemfikisha amuone mwanawe kabla hajafukiwa. Adela alilijua hilo. Lakini shemeji yake Edmund alishikilia kwamba hawaendi msibani kwa wakwe bila mkubwa wa ukoo.

"Nani atazika bila mama mzazi?" alisema. "Kwenye msiba wetu uliopita, sisi si tulimngoja kijana wetu Mathias mpaka akafika kutoka Mwanza? Maiti haina haraka, shemeji."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Adela hakuacha kutazama barabara. Jua lilipopanda, Edmund akatoa simu, akafungua ramani.

"Hebu ona. Kutoka hapa mpaka uwanja wa ndege wa Mafia ni kama saa moja tu angani."

"Kwa ndege gani?"

Edmund akairudisha simu mfukoni. Simu ilikuwa imepima mstari ulionyooka juu ya mapori, na hakuna ndege ya abiria inayopita huko. Ile ya kwenda Dar ilikuwa ya keshokutwa. Adela alimchukia Edmund, kisha akajichukia mwenyewe zaidi, kwa kuwa miguu ilikuwa yake na hakuinuka.

Simu yake ikaita.

"Shikamoo, mama," Twaha alisema, sauti imemkauka. "Wazee wanauliza umefika wapi."

Edmund akamwinamia sikioni. "Sema Makambako. Wakijua uko njiani watangoja."

Nani kati yetu hajawahi kusema yuko njiani huku bado anatafuta viatu? Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Adela. Akamwona Leticia amefunikwa shuka katika joto la pwani, na Twaha akiwaapia wazee wake kwamba mama anakuja.

"Sijatoka nyumbani, mwanangu."

"Basi hata kesho hutawahi, mama. Wao wanataka kuzika leo."

"Mzikeni leo. Msimwache kwenye joto kwa ajili yangu. Udongo wangu unitilie wewe."

Alikuwa bado ameshika simu, machozi yakimtiririka, pikipiki iliposimama uani. Mzee Pankrasi akashuka, suti imenyooka, viatu vinang'aa.

"Nisameheni, wanangu. Umeme ulikatika, pasi ikanichelewesha. Haya, tunaondoka saa ngapi?"

Adela akamwamkia shikamoo, akampisha kwenye kiti.