Wati Mia Tatu na Hamsini

Kaka yangu huwaambia watu kwamba baba alikufa kwa sababu yeye, mwanawe, alichoka kukanyaga. Sivyo ilivyokuwa. Nilikuwepo, na naandika mambo ya siku ile kabla na mimi sijaanza kuyachanganya.

Baba alikuwa anapumua kwa msaada wa mashine. Ilikaa kando ya kitanda, imefika usawa wa godoro, ikivuta hewa ya chumbani na kumpa oksijeni kwa mpira mwembamba wa puani. Ilikuwa inatumia umeme. Kwa siku za kukatika tulikuwa na mtungi wa oksijeni wa akiba. Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, transfoma ya mtaa ililipuka. Mafundi wa umeme walikuja, wakaitazama kutoka chini, wakasema labda kesho. Mimi nilikuwa nimeshafungua mtungi. Mshale wa geji ulikuwa nusu, na kwa hesabu tuliyopewa na muuguzi wa hospitali nusu ilitosha muda wa saa mbili tu.

"Twende hospitali sasa hivi," nikasema.

"Haendi mtu hospitali," kaka akajibu.

Mtaani wanamwita Spoki, kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya kutengeneza baiskeli. Baba alipotoka wodini mara ya mwisho alimshika mkono akamwomba asimrudishe tena kule, naye akaahidi. Sasa alikuwa ameshafika uani, anaburuta baiskeli iliyosimama kwenye fremu ya chuma, gurudumu la nyuma limefungwa mkanda wa kuzungusha alteneta ya gari. Alteneta ilijaza betri, na betri ililisha inverta, kisanduku kinachotoa umeme kama wa ukutani. Mwaka uliopita, umeme ulipokatika siku tatu, aliwasha nayo balbu tatu na redio, akachaji simu za majirani. Mtaa mzima ulikuja kumwangalia.

"Betri yenyewe nzee," wifi yangu, mkewe, akasema. "Imekufa zamani hiyo."

"Nitakanyaga. Betri ya nini?"

Akaingiza baiskeli chumbani, wifi akashika mlango, mimi nikasogeza kabati. Baba alitutazama bila kusema. Kaka akapanda. Alipochanganya mwendo, mshale wa kipimo cha umeme kwenye inverta ukaruka hadi mwisho.

"Mnaona? Huo umeme kamili."

Akaniashiria nichomeke mashine. Nikachomeka. Pedali zikawa nzito ghafla, nikaona mishipa ya shingo yake imesimama. Mashine ikanguruma kidogo, ikapiga kelele za onyo, ikazima. Nikamrudishia baba mpira wa mtungi.

"Gia tu hiyo," kaka akasema, na ameshashuka. "Nimepandisha baiskeli milima mingapi mimi?"

Akafungua cheni, akabadilisha meno ya nyuma. Kazi ya dakika ishirini kwa mtu mwingine, yeye akaimaliza kwa kumi. Kila dakika nilitazama geji. Akapanda tena. Safari hii pedali zilikuwa nyepesi, miguu ikienda kama ya mtu anayefukuzwa na nyuki, na mashine ikazima vilevile. Akashuka, akabadilisha tena.

Mwashi, jirani yetu, akachungulia dirishani, mabega yamejaa dirisha lote. "Spoki, na miguu hiyo ya kuku utawasha nini? Nipishe."

Akaingia, akapanda yeye. Mashine ikavuta pumzi tatu, nne, nikaanza kuamini, halafu inverta ikalia na kila kitu kikanyamaza.

"Tutapokezana," kaka akasema. "Mimi, wewe, mke wangu, huyu. Watu wanne hatuwezi kushindwa."

Mimi nilikuwa najua. Nilijua tangu alipoingiza baiskeli chumbani. Nyuma ya mashine kulikuwa na kibandiko: wati mia tatu na hamsini. Zile balbu tatu, redio na simu zote za mwaka uliopita hazikufika wati themanini, na zilimtoa jasho hadi miguuni. Mtu mwenye nguvu, akikanyaga bila kusimama, atatoa mia, labda mia na kidogo. Kupokezana kungetupa muda mrefu zaidi wa wati mia zilezile. Mlima unaweza kuupanda polepole, lakini mashine ile ilitaka zote kwa pamoja au haiwaki. Hesabu hii nimeisoma kidato cha tatu.

Na kaka aliacha shule darasa la sita ili mimi nifike huko. Ndiyo maana nilikaa kimya. Nilishika spana alizoniambia nishike.

Saa tano kasoro mshale ukagusa nyekundu. Baba alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Kaka alikuwa juu ya baiskeli, anakanyaga bila hata mashine kuchomekwa, eti anaijaza betri kwanza.

"Kaka, shuka."

"Bado kidogo."

"Haitoshi. Mashine inataka watu wanne kama wewe, kwenye baiskeli nne, kwa wakati mmoja. Na wasipumzike."

"Mmoja tu kanishinda," wifi akasema, lakini hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alikuwa analia.

"Gia ikikaa sawa..."

"Gia haiongezi nguvu, kaka. Nguvu ni ya miguu yako tu."

Akanigeukia, miguu bado inazunguka. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Wewe ndiye uliyenipeleka shule."

Akaacha kukanyaga. Aliposhuka magoti yakamkatika, mwashi akamdaka kwapani. Halafu mwashi akamwacha, akambeba baba kama mtoto, akamlaza kwenye gari lake la kubebea mchanga juu ya godoro. Njia nzima kaka alikumbatia mtungi, jicho kwenye geji. Tulipofika mlango wa mapokezi mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri, na baba alikuwa anavuta hewa kwa mabega.

Wauguzi wakamwekea oksijeni ya ukutani. Baada ya kama nusu saa rangi ya midomo ikarudi. Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na kitanda, na mapaja yake yalikuwa yanatetemeka, hayakutaka kutulia.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nimekurudisha."

Baba akasogeza mpira kidogo ili aongee. "Nilikuomba vile siku nilipokuwa napumua, mwanangu. Leo nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme twende."

"Mbona hukusema wewe?"

"Nilikuona unavyokanyaga. Niliona haya kukukatiza."

Kaka akaweka viganja vyote viwili juu ya magoti, akavikandamiza. Magoti yakaendelea kucheza chini ya mikono yake. Mimi nilisimama ukutani, nikataka kusema kwamba na mimi nilijua tangu saa tatu, tangu baiskeli ilipopita mlangoni, kwamba haitoshi. Sikusema siku ile. Baba aliishi siku kumi na moja zaidi, na katika siku hizo zote sikusema pia.