Kurasa Tatu za Majina

Telesphori alikwenda likizo kwa kaka yake Enock, mchimbaji wa dhahabu huko Geita, akiwa na begi moja na hukumu moja. Hukumu ilimhusu mwandishi wa riwaya ya kisayansi waliyopewa na Mwalimu Justina, ambamo wachimbaji wanafukiwa mwezini na kuishi kwa hesabu za hewa. Kazi ya likizo: jadili kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Telesphori, ambaye bwenini aliwahi kumwendeshea jogoo wa patroni ibada kamili ya mazishi hali jogoo yu hai, aliandika kwa uzito wa jaji.

Kufaulu: hesabu hazina mzaha. Ukubwa wa chumba, idadi ya watu, saa za kuishi. Yote yanapigika kwa kalamu. Kutofaulu: wahusika wakavu kama makopa ya muhogo, hakuna hata mmoja anayelia. Na baya kuliko yote, kila zamu mkuu wao anaita majina mpaka kurasa tatu zinaisha. "Msomaji anasinzia," aliandika.

Enock aliposomewa alicheka. "Kwani huko mwezini hawana kazi? Sisi tunaingia tu."

"Bila kuhesabiwa?"

"Kamuulize msimamizi wetu, mzee Ndaki, ule fimbo."

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, duara la kina Enock, shimo lao la dhahabu, lilititia zamu ikiwa ndani. Ndaki, msimamizi, aligonga mwamba kwa nyundo, chini kukajibu. Enock na wenzake walikuwa hai, kwenye chumba kile kile ambacho juzi Enock alimshusha mdogo wake akione.

Ndaki alipiga mahesabu yake. Wakichimba bila kuweka matimba ya kuzuia udongo, wangefika saa nane mchana, ila kifusi kingeweza kuwafunika hata waokoaji. Wakiweka matimba, wangefika saa kumi na mbili jioni. Alimgeukia Telesphori.

"Wewe msomi wa kitabu cha hewa. Hewa yao itafika jioni?"

"Wako wangapi?"

"Zamu ni ya watu watatu."

"Umewahesabu, babu?"

"Mwanangu, hata ng'ombe akitoka zizini hahesabiwi kwa kidole. Ndiyo uhesabu watu wanaoingia ardhini? Unawaitia mkosi!"

Telesphori alifungua riwaya akapiga hesabu juu ya jalada, kwa ukubwa wa chumba alichokiona. Watu watatu, hewa ya saa ishirini. Alirudia mara mbili, jibu likawa lile lile.

"Inafika," alisema. "Inatosha na kubaki."

"Haya, wekeni matimba!" Ndaki aliamuru.

Saa tisa, chini kukanyamaza. Wanaume waliacha sululu wakamtazama Telesphori.

"Wamelala," alisema. "Kwenye kitabu pia walilala, ili kubana hewa."

Wakaendelea, timba baada ya timba.

Saa kumi na mbili walipenya. Wa kwanza kutolewa alikuwa bado na joto, lakini hapumui. Wa pili pia. Wa tatu akatoka, Enock bado hajaonekana. Wa nne. Wa tano. Watatu wa ziada walikuwa wameingia alfajiri kujitafutia riziki, na desturi haikumruhusu mtu kuwahesabu. Enock alikuwa wa sita.

Watu sita, hewa ya saa kumi tu. Hewa ilikuwa imekwisha saa kumi jioni. Hesabu za kitabu hazikukosea hata dakika.

Ndaki alikaa chini mavumbini akajifunika uso kwa kofia. Hakuna aliyemlaumu mwanafunzi. Mmoja alimpa maji.

Shule ilipofunguliwa, Telesphori alikusanya karatasi yake. Kurasa tatu za majina alikuwa amezikata kwenye kutofaulu akaziandika kwenye kufaulu. Mwalimu Justina, ambaye hakuambiwa lolote, aliirudisha na wino mwekundu pembeni: *Hoja haijafafanuliwa. Toa mfano.*

Telesphori aliketi akaandika majina sita, moja kila mstari.