Safu Moja ya Nukta Hamsini

...na hilo ndilo fumbo ambalo sijawahi kulifumbua, si haya anayochomoa mwenyekiti kwenye kopo la biskuti, haya huwa napata moja kati ya matatu na nashukuru, bali hili, kwamba mdogo wangu, aliyekuwa akijificha chooni kipindi cha hesabu kikifika, aliniomba mwenyewe mwezi wa pili nimlete kwenye chama chetu cha kusoma vitabu vya hesabu na sayansi, nami nataka kujua namba zinasemaje, Dada, akasema, nikacheka, nikamwazima kitabu, na leo ni kikao cha nane amekaa kushoto kwangu katika chumba hiki cha nyuma cha maktaba, hajakosa hata kimoja, na alama ya ukurasa wake ni ileile bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili... kikombe changu cha chai kiko nusu ya safari kwenda mdomoni, mwenyekiti ameshachomoa karatasi, tunamwita Desimali, mpima ardhi mstaafu ambaye hata umri wake anautaja na nukta, sabini na moja nukta nne, na sheria ni yake, fumbo huingia koponi bila jina, mmoja wetu akilifumbua, mwenye fumbo hajulikani, likitushinda lazima asimame ajitaje na kulieleza... kati ya watu elfu, anasoma, mmoja ana ugonjwa, kipimo hakimkosi mwenye ugonjwa kamwe, ila kati ya wazima mia, watano kinawasingizia, umepimwa mara moja, umeambiwa unao, je, unao kweli... na fundi saa, ambaye hujibu kabla swali halijakaa kitako, anasema tisini na tano kwa mia, hilo hata saa mbovu inalijua, watu wanacheka, nami nacheka kwa kuwa ndilo jibu langu, tisini na tano, tena nimewahi kulisema kwa mdomo huu, wapi vile... kwenye korido ya kiwanda cha nguo, kando ya marobota, nilikuwa muuguzi wa zahanati ya kiwanda na tulipima wafanyakazi wote ule ugonjwa wa moyo wa kurithi, na mdogo wangu alikuwa chumba cha vifungo, miaka ishirini na sita, kidoleni ana pete ya uchumba ya fundi mitambo, majibu yake yakaja yakisema anao, nikamvuta pembeni nikijiambia habari kama hii aipate kwa mtu wa damu yake, kipimo kinakosea watano kwa mia, nikamwambia, kwa hiyo tisini na tano kwa mia unao, mdogo wangu, naye akauliza, nikapimwe tena, na hospitali yenye kipimo kikubwa ilikuwa mwendo wa siku nzima, nikasema, ya nini kujitonesha kidonda... ya nini kujitonesha kidonda, Mungu wangu, nililisema kwa upole, nikamshika bega...

Desimali kazi yake ni kuchora, anapiga nukta ubaoni, safu ishirini za nukta hamsini, chaki inagonga kama mvua ya kwanza juu ya bati, nukta moja anaizungushia duara, mgonjwa wenu huyu, anasema, halafu watano katika kila mia ya waliobaki, ni kama hamsini, na anapiga mstari chini ya safu nzima, hawa ni wazima, nao wameambiwa wanao, haya, semeni... nami naiangalia ile safu, hamsini na yule mmoja, hamsini na mmoja wote wamevutwa pembeni kwenye korido, wote wameshikwa bega, na mmoja tu... si tisini na tano, haijawahi kuwa tisini na tano, kwa nini nilikuwa nawahesabu waliokosewa nikasahau kuhesabu wazima walivyo wengi... na alirudisha pete, siwezi kumzalia mtu msiba, akasema, na miaka kumi na minane nimewakataza wanangu kumkimbiza, mama mdogo ana ugonjwa wa moyo, nimemkataza ngazi, nimemkataza hata ndoo ya maji... fundi saa anakuna kichwa, basi hesabu imenigeuka, anasema, na Desimali ameilaza karatasi mezani mbele yangu, herufi zimeegemea kushoto, zimebanana kama mshono wa tundu la kifungo, mwandiko huu nimeusoma kwenye kadi zote za siku ya kuzaliwa anazowaandikia wanangu mama yao mdogo... simwangalii, naangalia kitabu chake, bahasha haimo, iko juu ya paja langu, sijui imefika saa ngapi, imefunguliwa zamani, ina muhuri wa hospitali ile ya kipimo kikubwa, tarehe ya mwezi wa kwanza, mwezi mmoja kabla hajaniomba nimlete hapa, na ndani karatasi yenye mstari mmoja uliopigwa taipu, hana ugonjwa, wala hajawahi kuwa nao...

Mdogo wangu ananong'ona, macho ubaoni, mwezi wa kwanza ningekwambia kwa mdomo mbaya, Dada, nikaona bora nisome kwanza, nikakuta hata mimi ningesema tisini na tano... na hilo ndilo linalonikata, angenipigia kelele ningejua pa kujificha... kama hakuna anayejibu, anasema Desimali, mwenye fumbo asimame, na anatazama huku na huku, na hapana, hatasimama mdogo wangu, hatajieleza yeye mbele ya watu kwa kosa langu, nimeamua, nitasema mmoja kati ya hamsini na mmoja, kisha nitasema ni nani aliyewahi kusema tisini na tano na alimwambia nani, nimeamua, ila bado nimekaa, kikombe bado kiko hewani... anakipokea, anakiweka mezani, anatia kiganja chini ya kiwiko changu, na aliyeninyanyua ni yeye, mtu niliyemkataza ndoo.